Wimbo wa Kupotea

Constance hakuwa mtu wa kukasirika ovyo, lakini kulikuwa na jibu moja la watoto lililompandisha presha. Ukimuuliza mtoto wa Juru, mtaa wetu hapa kambini, baba yake anaitwa nani, anakutazama akikushangaa, kisha anakwambia, "Anaitwa Papa." Na kwenu ni wapi? "Kwetu."

Ndivyo alivyojibu yule mtoto aliyepotea kwenye msongamano siku ya mgao wa chakula. Polisi walimuuliza mpaka wakachoka. Akalala kituoni, akaamkia kituoni, na mama yake yuko upande wa pili wa kambi anazunguka nyumba kwa nyumba, sauti imemkauka kwa kulia. Constance ndiye aliyemtambua, kwa kuwa alikuwa mkuu wa kituo chetu cha watoto wadogo na hakuna uso wa mtoto uliompita. Siku ile aliapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayesema baba yake ni Papa.

Lakini sisi wakubwa ndio wenye mambo hayo. Hapa kambi ya Nakivale, Uganda, mtu akishazaa, jina lake linafungiwa sandukuni. Huyu ni Mama Larissa, yule ni Papa Prudence, basi. Mtalima mpaka kwa mpaka miaka na miaka, mtasaidiana kwenye misiba, na hutajua mwenzako alibatizwa jina gani. Kwa wengi ni mazoea tu. Wengine wana sababu zao, na sababu hizo haziulizwi. Constance ni Mrundi kama wengi wetu, aliyajua hayo vizuri. Nadhani aliyasahau njiani akienda Mbarara.

Mbarara ndiko alikosomea shahada ya uzamili, uongozi wa elimu ya watoto wadogo. Kila Ijumaa alipanda bodaboda kupitia Masha, Jumapili akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Tulimwonea fahari, sitasema uongo. Mkimbizi mwenzetu kukaa darasa moja na wakuu wa shule wa Uganda, si jambo dogo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta badiliko moja katika kituo anachokiongoza, na aonyeshe kuwa limewaingia watoto wote. Wote, si karibu wote. Constance akatunga wimbo.

Ulikuwa mtamu, wimbo ule. Kila asubuhi watoto walikaa duara, mmoja akasimama katikati na kuimba jina lake, jina la mzazi wake, na mahali wanapokaa. Wenzake waliitikia: nikipotea, nirudishe. Haukupita muda ukawa unausikia bombani, kwenye mashamba ya maharage, kwenye foleni ya unga. Juru ikaanza kufahamiana majina. Tulicheka sana tulipojua kwamba Mama Larissa, anayegombana hata na mbuzi, kumbe anaitwa Adélaïde, jina la kistaarabu kabisa.

Mtu mmoja hakucheka. Papa Élyse alifika kituoni asubuhi akiwa na jembe begani, akasimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa mkulima mpole, asiye na maneno. Mke wake alifia njiani walipokuwa wakikimbia, na Élyse, mtoto wa miaka mitano, ndiye mtu pekee aliyebaki naye duniani.

"Pardon, Madame Directrice," alisema. "Élyse asiimbe hiyo wimbo."

"Kwa nini, Papa Élyse? Ni kwa usalama wake."

"Kule kwetu niliona mambo. Niliona nani alifanya, na wao wanajua niliona. Tulikimbilia kambi ya kwanza, wakafika mpaka kule, wanauliza jina langu fasi kwa fasi, kila nyumba. Ndiyo maana tuko huku. Hapa mimi ni Papa Élyse tu. Nakuomba, Madame, uniache hivyo hivyo."

Constance alimsikiliza mpaka mwisho, lakini hakumwamini, na hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Kambini kila mtu ana hadithi ya namna hiyo. Wengine huifanyia mazoezi kwa majirani kabla ya kwenda kuhojiwa, ili wapelekwe Kanada. Akamhesabu kuwa mmoja wao. Akamjibu kwa ile sauti aliyorudi nayo kutoka Mbarara, kwamba kila mtoto ana haki ya kujua jina la baba yake, na kazi ya kiongozi ni kuwasaidia wazazi washinde hofu.

"Hofu yangu si ugonjwa, Madame," akasema Papa Élyse.

"Haya, basi. Ataimba jina lake tu." Alikubali ili amalize maneno, watoto walikuwa wanamngoja.

Tangu siku ile Élyse akawa anasimama katikati ya duara, anaimba jina lake, kisha anakaa. Wenzake wakaanza kumcheka: Élyse hana baba, Élyse hana kwao. Alilia mpaka kwikwi zikamshika. Constance akachuchumaa mbele yake, akamfuta machozi kwa upindo wa kitenge chake. Alimhurumia kweli, sikatai, ingawa na mradi wake pia alikuwa nao kichwani. "Muulize papa jina lake," akamnong'oneza. "Iwe siri yenu nyinyi wawili."

Mtoto akaenda akauliza. Sasa wewe niambie, mwanao wa pekee anakuja analia kwamba hana baba, utamnyima jina lako? Papa Élyse alimwambia. Akamwambia na mahali wanapokaa, akamwapisha asiyatoe nje ya nyumba. Mtoto wa miaka mitano!

Ikafika siku ya kukaguliwa. Daktari Kampire, mwalimu wa Constance kutoka Mbarara, alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti karibu yaguse kidevu, na mlezi mmoja akawa anarekodi kwa simu ya Constance. Watoto waliimba mmoja mmoja. Zamu ya Élyse ilipofika, Constance alitegemea jina moja tu. Élyse akaweka mikono nyuma, akafumba macho, akauimba wote. Baba yangu Nicodème Ngabo, nikipotea. Kwetu chini ya tangi la maji, mlango wa bluu, nikipotea. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko za wote.

Constance aligeuka kutazama mlangoni kama Papa Élyse amesikia, lakini wazazi walikuwa mashambani saa ile.

"Banange! Hii katoto imeniua," alisema Daktari Kampire, machozi yakimlengalenga. "Constance, wewe iko kiongozi kweli. Tuma hiyo video kwa grupu ya klasi, watu yote ione."

Mchana ule Constance alikaa na simu mkononi kitambo kirefu. Angeweza kukata kipande cha Élyse. Alilifikiria, alikuja kutuambia mwenyewe. Lakini bila Élyse, wote hawakuwa wote, na isitoshe huyo ndiye aliyeimba vizuri kupita wenzake. Akajipa moyo kwamba grupu ni ya walimu watupu. Akatuma.

Walimu wana ndugu, na ndugu wana marafiki. Video ikatembea, ikazunguka huko, ikaturudia hata sisi wa Juru kwenye simu zetu. Tuliitazama tukashangilia. Papa Élyse simu yake ilikuwa ya tochi tu, na hakuna aliyeona haja ya kumwonyesha.

Maharage yalikuwa yanaanza kutoa maua wanaume wawili walipotokea. Walikaa kwa muuza chapati, ng'ambo ya uzio wa kituo, mashati yao safi, wakiagiza chai juu ya chai. Walisalimia kila mtu kwa Kirundi kizuri. Walisema wanatafuta shamba la kukodi, lakini muda wote waliokaa, shamba hawakuliulizia. Mmoja wao alikuwa anapiga mluzi polepole. Constance alikuwa anawagawia watoto uji, akausikia mluzi ule dirishani, na kijiko kikamsimama mkononi. Ulikuwa wimbo wake.

Alitaka kutoka saa ile ile. Kisha akajiambia wimbo ule siku hizi kila mtu anaujua, na Papa Élyse atakuja kumchukua mtoto alasiri, atamwambia. Alipomaliza kugawa uji akachungulia tena. Viti vilikuwa vitupu, vikombe vya chai bado vinatoa moshi.

Aliwaachia walezi watoto akakimbia, kandambili moja ikamtoka njiani hakuirudia. Chini ya tangi la maji mlango wa bluu ulikuwa wazi. Jembe lilikuwa limelala kizingitini. Mama Larissa alikuwa uani kwake anapepeta maharage.

"Papa Élyse yuko wapi?"

"Wageni wake balikuja na gari," akasema Mama Larissa. "Balimwita jina lake kabisa, Nicodème, Nicodème. Nikajua ni ndugu zake. Nani mwingine angelijua?"

"Alikubali kwenda?"

"Hakubishana hata. Aliangalia tu upande wa kituo, akapanda haraka haraka. Utasema anaogopa batoto batoke kabla gari haijaondoka."

Constance alienda polisi. Wakamuuliza maswali mengi, akayajibu yote, jina na mahali, na hilo gari hakuna aliyekumbuka hata rangi yake. Mpaka leo hatujasikia neno. Shahada alikuja kuipata, na alama za juu. Hatukumfanyia sherehe, naye hakuiomba.

Lakini alasiri ile aliporudi kituoni, watoto walikuwa wameshachukuliwa, amebaki Élyse peke yake kwenye benchi, mkoba mgongoni, anaangalia njia. Constance alikaa karibu naye. Machozi yakamtoka. Élyse akamtazama. Akadhani Madame analia kwa kuwa amesahau njia ya kumpeleka kwao. Basi akateremka kwenye benchi, akasimama mbele yake, akaweka mikono nyuma kama alivyofundishwa, akamwimbia wimbo wote, jina lake, jina la baba yake na mlango wa bluu, hakukosea hata neno moja. Kisha akampa mkono ili amrudishe.