Kampuni Isiyopima Macho

"Kijani," alisema Kengele.

"Kijani," akaitikia Kapteni, na treni ikapita.

Kila aliyewahi kufanya kazi ndani ya kichwa cha treni anaujua utaratibu wa kuita taa. Dereva huita kwanza, msaidizi huitikia. Dereva akisema nyekundu na msaidizi akaona kijani, wanasimama, wanaulizana, hakuna anayepoteza kitu ila dakika. Kapteni mwenyewe ndiye aliyewafundisha nusu ya madereva wa Shirika la reli utaratibu huo, na aliyemwachia msaidizi aite kwanza alikuwa anakaripiwa mpaka anatamani kuruka dirishani. Sasa ni miezi minane, ndani ya kichwa chake yeye, anayeita kwanza ni msaidizi. Hawakuwahi kukaa wakakubaliana. Siku moja asubuhi Kapteni alikuwa anaiendea taa nyekundu huku anapiga mluzi, Kengele akairukia breki, na abiria wakamwagika kwenye viti kama viazi. Tangu siku hiyo Kengele akawa anawahi, Kapteni anachelewa.

Kengele alipewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, msaidizi kwa miaka kumi na mmoja, na kila mwaka alikuwa akiambiwa kwamba mwaka ujao watampa mtihani wa udereva. Kapteni naye jina alilipata kwa ajili ya kofia, ambayo hajawahi kuivua kazini tangu nywele zikiwepo.

Ugonjwa wake ulikuwa presha ya macho. Alikwenda kwenye zahanati ya mbali, upande wa mji ambako hajulikani, kofia kaiweka mfukoni kama mwizi. Muuguzi alimwambia jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafuata, na kwamba dawa ya matone itazuia kidogo, lakini kilichokwenda hakirudi. "Unafanya kazi gani, baba?" muuguzi akauliza. Kapteni akajibu kwamba anauza viatu.

Na keshokutwa Shirika linapima macho.

Zamani hilo lisingekuwa la kufisha mtu. Dereva aliyefeli macho alihamishiwa karakana, au akakaa getini kukata tiketi, akazeekea humo kwa heshima zake. Miaka miwili iliyopita wakubwa wakatoa waraka mfupi, mistari minne: asiyefaa kuendesha aondoke. Wa kwanza kuondoka kwa waraka huo alikuwa mtu waliyeanza naye kazi siku moja. Sasa analinda magari ya watu sokoni, anapunga kitambaa. Kapteni akimwona kwa mbali hupitia njia nyingine, na akifika nyumbani hujichukia.

Ndiyo maana barua ya Kampuni ya kumwita kazini ilipokuja, aliipokea kama mgonjwa anavyopokea maji. Wafanyakazi walikuwa na majina yao kwa wote wawili. Shirika waliliita Bibi, kwa uzee wake, ubahili wake, na kupenda kwake kukagua watu. Kampuni, iliyoingia juzijuzi na mabehewa yanayong'aa, waliiita Bwana Harusi. Kila mtu alidhani Kapteni anachagua kati ya mshahara na mshahara. Mkewe alidhani hivyo. Jirani aliyempongeza juzi huku amemshika mikono yote miwili alidhani hivyo. Yeye alikuwa amechagua kwa jambo moja tu, alilolisikia kwa dereva aliyetangulia huko: Bwana Harusi hapimi macho.

Walipofika mwisho wa safari, abiria wakashuka, Kengele akabaki amesimama mlangoni mwa kichwa, hashuki.

"Kwa hiyo leo unampa Bibi talaka," alisema.

"Barua ya kuacha kazi ninayo mfukoni. Kule wanamthamini mtu. Mshahara mzuri, sare mpya..."

"Kapteni. Mwambie mwingine hayo. Mimi?"

Kapteni akajifanya anatafuta chupa yake ya chai.

"Keshokutwa vipimo," Kengele akaendelea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi siwezi kuingia nawe kwa daktari nikakuitia herufi. Najua. Lakini kule nani atakuitia taa? Una uhakika atakuwa mtu wa kukustahi? Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Kilio kitakuwa changu."

"Kingekuwa chako peke yako, ningenyamaza. Nyuma yetu kuna watu mia saba."

Hapo Kapteni alipaswa kusema asante. Alikuwa nayo kooni asante hiyo kwa miezi minane. Badala yake likatoka jingine, na alilisikia likitoka, akashindwa kulizuia.

"Sema tu unakitaka kiti changu."

Kengele hakukasirika, na heri angekasirika.

"Kiti chako ningekipata siku nyingi," alisema. "Kwa kufunga mdomo wangu taa moja tu."

Akachukua mkoba wake, akashuka. Kapteni alikaa pale mpaka fundi wa zamu akaja kugonga mlango. Uso ulikuwa unamwaka. Mwanamke yule alikuwa amemtunzia siri kama kata inavyotunza ya mtungi, naye amemlipa tusi.

Barua aliipeleka. Karani wa Shirika aliisoma huku anatafuna njugu, akapiga muhuri wa kupokelewa, akasema, "Miaka ishirini na sita, mzee! Haya, kila la heri," akarudi kwenye njugu zake. Kila kitu kilichukua muda wa kufunga kamba za viatu.

Ofisi ya Kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, baridi ya kiyoyozi mpaka kwenye mifupa. Ofisa wa ajira alikuwa binti mcheshi mwenye kucha ndefu, anayewaita wote "mzee wangu" hata wasio wazee. Akamsogezea mkataba, akamwonyesha pa kutia sahihi.

"Niliambiwa ni treni za mizigo," alisema Kapteni. Alilizoea wazo hilo. Mizigo huenda taratibu, kwenye pori, haina mtu ndani.

"Mizigo imejaa, mzee wangu. Wewe na uzoefu wako tukupe makaa ya mawe? Tumekupa treni ya asubuhi ya wafanyakazi, ile ya viwandani. Mabehewa manane. Unaanza Jumatatu."

Treni hiyo Kapteni aliijua. Mkewe alikuwa akishona kwenye kiwanda cha nguo, na aliipanda siku sita kwa wiki.

"Na msaidizi wangu ni nani?"

Binti akacheka, bila ubaya wowote. "Msaidizi? Huko kwenu mlikuwa mnafanya kazi ya mtu mmoja wawili, ndiyo maana hamkupata faida. Hapa dereva ni mmoja. Kwani wewe huna macho?"

Kapteni naye akacheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alicheka, tena kwa sauti, meno yote nje. Akatia sahihi palipoonyeshwa. Ilibidi aulize mara mbili mstari uko wapi, akasingizia miwani ya kusomea.

"Sasa pita kwa daktari, chumba cha mwisho. Ni muhuri tu, usiogope."

Daktari alikuwa na rundo la fomu na saa mbele yake. Hakuinua kichwa. "Wa ngapi wewe?"

"Wa kumi na nne."

Daktari akaivuta fomu ya kumi na nne. Ilikuwa imeshajazwa yote: mapigo ya moyo, masikio, macho yote mawili, vizuri, vizuri, vizuri. Ubao wa herufi ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, haujatolewa kwenye nailoni yake.

"Daktari," Kapteni alijisikia akisema, "macho hupimi?"

Muhuri ukabaki hewani. Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mzima, mwenye uso wa kuchoka, na si uso wa mtu mbaya.

"Unataka nikupime?"

"Nauliza tu."

"Sikiliza, kaka. Nimeletewa watu thelathini na saa mbili za kuwamaliza. Nikikupima nikakuta kitu, nitaandika, mkono wangu haujui kuandika uongo nikiwa nimeona. Nikishaandika, hapa huna kazi. Na kule nadhani umeshaaga." Akauweka muhuri mezani. "Sasa niambie wewe mwenyewe. Nikupime?"

Lilikuwa neno moja. Kapteni alilitafuta. Alimwona binti yake wa chuo cha uuguzi, aliyebakiza mwaka mmoja. Alimwona yule wa sokoni na kitambaa chake. Alijiona yeye kwenye kiti, alfajiri, na kile kiti cha pili kikiwa kitupu. Aliona haya kwa daktari, kwa fomu, hata kwa ule ubao nyuma ya mlango.

"Piga muhuri," alisema.

Nyumbani mkewe alirudi jioni, nyuzi zimemganda kwenye gauni, akamkuta ameketi mezani na sare mpya mbele yake, haijafunguliwa. Aliishika, akaigeuza, akatafuta mshono wa kwapani kama kawaida yake.

"Wameshona vizuri hawa. Haya sema, wamekupa mizigo?"

"Treni ya asubuhi. Ya viwandani."

"Yangu?" Akapiga makofi. "Ewe baba weee! Mbona hukunipigia simu? Wenzangu nitawatambia mpaka wanichoke. Jumatatu nakaa behewa la kwanza kabisa, nyuma yako, waseme watakavyosema."

"Jumatatu panda basi," alisema Kapteni.

"Nipande nini?"

"Basi."

"Mume wangu anaendesha treni, mimi nikabanane kwenye basi?" Akacheka. "Umeanza ukubwa mapema wewe. Unaogopa nitakuaibisha?"

"Panda basi, mke wangu. Jumatatu, na siku nyingine zote."

Kicheko kikaisha. Akaiweka sare mezani. Akavuta kiti, akakaa karibu naye sana, akamvua kofia, na akamtazama jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akarudi la kulia. Miezi hii yote alikuwa amemwona akimimina chai pembeni ya kikombe, akimpa mtoto amsomee ujumbe wa simu, naye akajiambia ni uchovu tu wa mumewe. Kapteni alingoja aulizwe tangu lini. Alikuwa tayari kulijibu hilo.

"Mimi nitapanda basi," mkewe alisema polepole. "Na yule mjamzito wa mashine ya vifungo, yeye apande nini? Na mama yule anayekuja na pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi? Na binti wa pasi, na mfagizi wetu? Niwaambie wapande nini?"

Kapteni aliinamisha kichwa. Mkewe akaendelea kuwataja, mmoja baada ya mwingine, kwa mashine zao, na baada ya kila mmoja alinyamaza kidogo, akimpa mumewe nafasi ya kujibu.