Usingizi wa Viazi Saba

1.

Saba.

2.

Kutoka daftari la ghala, kwa mkono wa Ndugu Obadia Mahenge, mtunza ghala wa kituo chetu cha utafiti, Makete:

*3 Novemba. Rafu ya nne. Viazi saba, mali ya Bibi Yusta Sanga. Aina: Mvivu. Havijachipua. Vimeanza kukunjamana. Nimevisalimia, havikuitika.*

(Sentensi ya mwisho imekatwa kwa wino mwekundu na mkuu wa kituo.)

3.

YAH: KUONDOA VIAZI VYA WATU BINAFSI GHALANI

Wahusika wote wanaarifiwa kuwa ifikapo tarehe 18 Novemba rafu zote ziwe wazi ili kupisha mbegu zilizothibitishwa. Kituo hakitahusika na viazi vitakavyoachwa. Ushirikiano wenu ni muhimu.

4.

Mimi ni Tusekile, wa maabara. Nachunguza protini za viazi, kazi ambayo mjomba wangu huwaeleza watu kuwa ni upishi wa kisomi.

Wewe msomaji huenda umezoea kiazi cha sufuriani tu, kwa hiyo nikupe darasa fupi. Kiazi kikichimbuliwa hakichipui siku hiyo hata ukikimwagia maji ya baraka. Kinalala kwanza. Aina nyingi hulala miezi miwili, mitatu. Mvivu huu ni mwezi wake wa sita, na mvua imeshaanza.

Ugonjwa wa mnyauko ulimaliza shamba lote la Bibi Yusta msimu uliopita. Vilipona viazi saba, tukavipima vikaonekana safi, tukavihifadhi. Havipo vingine vya aina hii, si kwake, si kwa jirani. Visipochipua kwa mvua hii, vitaoza kabla ya mvua nyingine.

5.

TANGAZO LA NDANI
Kutoka: Protini Mlinzi
Kwa: macho yote ya kiazi

(a) Hakuna kuchipua.
(b) Akiba ya chakula isiguswe.
(c) Atakayesikia mvua ajifanye hajasikia.

Utekelezaji ni wa mara moja.

6.

Sisi ni protini za akiba. Ndio wengi humu ndani. Tumebanana kimya tangu shambani, na siku ya kuchipua itakapofika tutavunjwavunjwa tuwe chakula cha chipukizi. Usituonee huruma. Tulitengenezwa kwa ajili hiyo, na kusubiri kunatuchosha kuliko kuvunjwa.

7.

Kuna jambo sikupenda kulisema, nalo ni hili: ili nijue kama Protini Mlinzi, anayekizuia kiazi kuamka, bado yupo kazini, lazima nikate kipande kando ya jicho la kiazi, pale chipukizi hutokea, nikisage, nikizungushe mashineni, kisha nisome mistari. Mstari mnene, usingizi mzito. Mstari mwembamba, karibu kinaamka.

Nilimwambia Bibi Yusta kwamba nataka kukata kwa faida yake, tujue kama tuvisubiri au tuvisaidie. Ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa tasnifu yangu.

Akaniuliza kama kwetu Rungwe mtoto aliyelala huchanjwa ili ijulikane kama kalala kweli.

Nikasema hapana, bibi.

8.

Yaliyosikika mlangoni pa ghala, kati ya Obadia na Bibi Yusta:

— Subira huvuta heri.
— Heri ya mwaka huu nzito, Obadia. Subira peke yake haiivuti.

9.

Bibi Yusta, maneno yake mwenyewe, niliyaandika akiwa ameketi juu ya gunia:

“Mama yangu alinipa Mvivu siku naolewa. Kikapu kimoja. Akaniambia, viazi vya wenzako vitaamka mapema, vitanyauka vikingoja mvua, na wewe watakucheka. Waache. Mvua ikija, chako ndicho chenye nguvu. Nimekula kiazi hicho miaka arobaini na minne. Nimezika mume nikakipika matangani. Sasa naogopa, mwanangu. Naogopa kiishie mikononi mwangu.”

Halafu akachagua kimoja, kikubwa kuliko vyote, akanipa.

“Kata hiki. Ukikosea, usinifiche.”

10.

*6 Novemba. Kiazi kimoja kimekatwa na Dada Tusekile. Kidonda kama punje ya harage. Alifuta kisu mara tatu kwanza. Nilimwona.*

11.

TANGAZO LA DHARURA
Kutoka: Protini Mlinzi

Ukuta umetobolewa kando ya jicho la tatu. Mafundi wa kuziba wazibe. Macho mengine yatulie. Narudia, yatulie. Mlinzi wa jicho la tatu aripoti. Aripoti mara moja. Mlinzi wa jicho la

12.

siku tatu

hakuna

siku saba

hakuna, ila hakijaoza

siku ya kumi na moja

13.

*17 Novemba. Kiazi kilichokatwa KIMECHIPUA. Chipukizi zambarau, urefu wa kiberiti. Sita vingine vimelala. Nimemwita Dada Tusekile, amekuja na kiatu kimoja.*

14.

Majibu ya maabara yalitoka mchana ule ule. Mstari wa Protini Mlinzi: mnene. Maana yake siku niliyokikata kiazi kilikuwa kimelala fofofo, na kingeendelea kulala wiki nyingi. Kwa hiyo kisu ndicho kilichokiamsha.

Au huenda siyo. Kiazi kimoja si ushahidi, na mimi nimesomeshwa kwa kodi za watu ili nijue hivyo. Vingine vikikatwa huenda vikaoza. Nilimweleza Bibi Yusta yote bila kupunguza, hata habari ya tasnifu. Akasema ya tasnifu alishaijua. Nilikuwa nimekitazama kiazi kama mchumba.

15.

Tarehe 18, saa nne asubuhi. Magunia ya mbegu zilizothibitishwa yamepangwa nje. Obadia anazungukazunguka, hataki kutufukuza.

Bibi Yusta akavitandaza vile sita kwenye kanga yake. Akavitazama muda mrefu.

“Nipe kisu.”

Akakata cha kwanza, kando ya jicho, kipande kama punje ya harage. Cha pili. Cha tatu. Kisha akanirudishia kisu.

Nikamuuliza mbona ameviacha vitatu.

“Vitatu vya kisu,” akasema, “vitatu vya Mungu. Tutaona.”

Miaka sita chuoni nilifundishwa kupanga jaribio namna hiyo. Nilimwambia. Hakuonekana kushangaa.

16.

Akaondoka navyo kikapuni, kile chenye chipukizi juu ya wenzake.

17.

mvua

mvua

mvua

18.

Desemba, tarehe mbili. Simu yake inakatika kila baada ya maneno matatu. Kule kwao mtandao unategemea mawingu.

Nilimsalimia, akaitikia. Nikauliza kuhusu vya kisu. Ikakatika. Nikapiga tena, nikauliza kuhusu vya Mungu, nikasikia upepo, jogoo, na yeye akimwambia mtu asikanyage tuta.

Nikauliza mara ya tatu, sasa kwa kupaza sauti, Obadia akiwa amesimama begani pangu: vimeamka vingapi, bibi?

“Nimechimba mashimo saba,” alisema. “Njoo na jembe lako.”