Masizi ya Weris

"Nani amekiosha?" Ruweyda aliuliza. Alikuwa amevaa glavu nyeupe, akichungulia ndani ya chombo kama mtu atafutaye maji kisimani.

Ilikuwa siku ya tatu ya mafunzo, hapa Garissa. Wafanyakazi wa makumbusho upande huu, sisi wazee wa historia upande ule, na joto juu yetu sote. Ruweyda, mkufunzi wetu, alikuwa ametuambia kila mtu alete kitu cha zamani tufundishwe kukitunza. Mimi nilileta dhiil, chombo cha maziwa alichokisuka dada yangu Weris kwa mizizi, kule Bura.

Asubuhi niliwachekesha. "Kitendawili: anakula moshi, anatapika maziwa."

"Jiko la mke wangu," akasema mzee Guled wa Sangailu. "Ila maziwa yenyewe bado nayangoja."

Jibu lilikuwa pale mezani: dhiil yenyewe, maana hufukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa. Sasa hakuna aliyecheka.

"Nimekiosha mimi," nikasema.

Weris alifariki mwaka wa ukame, siku chache baada ya ngamia wake wa mwisho. Chombo chake kikaning'inia kwangu miaka mitatu, kimeganda mafuta na masizi ya mkono wake. Lakini nani humpeleka dadake kwa wageni akiwa mchafu? Jana yake nilikisugua kwa mchanga na maji moto, nikawasha kijiti cha mti, nikakifukiza mpaka kikanukia. Nikalala nimeridhika.

"Ayeyo," Ruweyda akasema taratibu, kama mjukuu kwa bibi yake, "masizi yale ndiyo tuliyoyataka. Yangetuambia alichoma mti gani, alikamua mnyama gani."

Nikatazama ndani. Safi kabisa. Hata harufu ilikuwa ya moshi wangu.

"Basi nimemwosha mara mbili," nikasema. "Ile ya kwanza tulimvisha sanda."

Guled akainamisha uso.

Nilinyoosha mkono nichukue chombo changu nirudi nacho nyumbani. Ruweyda akauzuia mkono wangu.

"Kinabaki. Kosa hatulifichi, tunaliandika. Nani, lini, kwa nini."

Akanisogezea fomu. Niliishia darasa la tano. Kalamu nimeizoea kwa kutia sahihi tu. Nikaandika polepole: *Kimeoshwa jana na Abshiro, dada yake, kwa mapenzi.*

Ruweyda akasoma. Kalamu yake ikasimama juu ya neno la mwisho, tayari kulikata. Kisha akaliacha, akashuka mstari wa chini, akajaza tarehe.