Mkebe wa Chini ya Kitanda

Akoth alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda mpaka begani, akapapasa. Sakafu ilikuwa safi, ikinukia sabuni ya unga. Akapapasa tena, kona hadi kona, kisha akabaki pale pale sakafuni, shavu limeegemea godoro. Mkebe haukuwapo.

Juu ya godoro hilo alilala mumewe, Owino, chali kama daktari alivyoagiza. Wiki tano zilizopita alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo walilokuwa wakilijenga yeye na mafundi wenzake huko Ruiru. Jana jioni wodi ya Thika ilimruhusu arudi kwao Mugutha, mgongo umeungwa, miguu bado haina habari. Daktari alisema wangoje. Akoth alikuwa amengoja hata kungoja kwenyewe kukamchosha kuliko kushona kola kiwandani kutwa nzima.

Na katika wiki hizo zote hakuweza kuomba. Alifungua kinywa, maneno hayakuja. Alijipa moyo kwamba Owino akirudi tu, atakaa chini na mkebe wake, na mambo yatakuwa sawa. Ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, rangi imebambuka. Kila Mungu alipomtoa mahali pagumu, Akoth alitia humo kitu kimoja cha siku hiyo. Wengine huandika, yeye alikuwa mtu wa kushika. Alipotaka kuomba alitoa kitu kimoja, akakifumbata kiganjani, na sala ikaanza yenyewe. Sasa mkono ulikuwa mtupu, na aliogopa. Aliogopa kwamba imani yake yote ilikuwa ndani ya mkebe ule, wala hakuna iliyobaki kwake mwenyewe.

Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yake, Warigia, mama yake Shiko, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na chupa ya uji mkononi. Desturi ya kikundi chao ilikuwa hiyo: mgonjwa wa mwenzao akikaribia kutoka hospitali, wao huja na ndoo na brashi, wakasugua nyumba, wakafua matandiko, wakatupa taka.

"Mama Shiko," Akoth alisema bila kuinuka, "hapa chini kulikuwa na mkebe."

Warigia aliitua chupa mezani polepole mno.

"Woi, Mama Mourine. Hiyo mkebe niliitoa."

"Ukaipeleka wapi?"

"Lori ya takataka ilipita jana asubuhi. Nilifungua nikaona nywele ya mtoto. Nikaona funguo, na mahindi imefungwa kwa kitambaa. Nikasema, Ngai, hii ni kazi ya mganga, ndiyo maana mzee alianguka. Hata sikuambia hao wengine. Niliikemea kwa jina la Yesu, nikatupa."

Akoth alihisi hasira ikimpanda, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akahisi kitu kisicho uchovu.

"Ungeipata kwa Mama Njau, mtu wa kwenu, ungesema ni mganga? Ama ni kwa sababu sisi ni Wajaluo, tumetoka upande ule wa ziwa?"

Warigia alitazama viatu vyake. Angeweza kukana.

"Kwa Mama Njau ningemuuliza kwanza," akasema. "Nisamehe."

"Kaa chini. Kaa nikuambie ulikemea nini."

Warigia akavuta kiti cha mbao, akaketi kwa uzito wake wote. Akoth akahesabu kwa vidole. Nywele zilikuwa za bintiye Mourine, aliyezaliwa kwa miezi saba, nesi akamnyoa utosini apate mshipa wa dripu. Leo msichana yuko bweni, kidato cha pili. Ufunguo ulikuwa wa chumba cha Kahawa Wendani, kilichoteketea wao wakiwa kanisani. Mahindi yalikuwa ya mama yake Akoth, aliyeinuka kitandani alikougulia akayapanda mwenyewe. Kifungo kilikuwa cha siku aliyoandikwa kazi kiwandani, baada ya kusimama langoni asubuhi kumi na moja.

"Na skrubu," akasema, akashika kidole cha tano.

Ile skrubu aliishika kuliko vyote, kwa jinsi ilivyokuwa nzito na baridi. Aliililia machozi ya shukrani miaka tisa. Lakini ilikuwa ya siku gani? Alitafuta moyoni, hakupata kitu.

"Skrubu ilikuwa ya nini?" akauliza kwa sauti ndogo, hajui anamuuliza nani.

"Ya kiti," Owino akasema kutoka kitandani.

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Nilikuwa natengeneza kiti, ikabaki moja. Nikaiweka huko isipotee. Halafu nikasahau."

"Owino! Miaka tisa namshukuru Mungu kwa skrubu ya kiti?"

"Nilikuwa nakusikia ukiomba nayo. Nikaona haya kukuambia."

"Kiti gani?" Warigia akauliza.

Owino akageuza macho, maana ndiyo pekee aliyoweza kugeuza bila maumivu.

"Hiyo umekalia."

Warigia akainuka nusu. Kiti kikatoa mlio mdogo chini yake, akaganda hapo hapo, si wa kusimama si wa kukaa. Akoth akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio kikamwishia taratibu, akajifuta kwa pindo la leso.

"Kaa, Mama Shiko," akasema. "Hakijawahi kumwangusha mtu."

Warigia akaketi tena, kwa heshima safari hii. Akoth akanyoosha mkono pale pale sakafuni, akaushika mguu wa kiti. Juu, karibu na maungio, kidole chake kikakuta tundu lisilo na skrubu. Akakiacha humo, akafumba macho.

"Baba," akaanza.

Warigia akazuia pumzi, asije akakitikisa kiti.