Waliombeba Régina

Vidole vya Régina vilikataa tena asubuhi ile. Alishika tumba la pamba lililopasuka, akavuta, na pamba ikabaki palepale kwenye kikonyo huku maumivu yakimpanda kutoka vifundoni hadi begani. Akajaribu mkono wa kushoto. Huo nao ulikuwa umevimba. Mbele yake mistari ya pamba ilishuka mpaka kijitoni, yote imechanua, myeupe, na jua la kiangazi lilikuwa halijapanda sawasawa juu ya vilima vya Wamaza.

Ulikuwa mwaka wa 1957. Kila nyumba katika teritware, yaani wilaya, ya Kabambare ilikuwa na shamba la pamba, itake isitake. Serikali ya Wabelgiji ndiyo iliyopima shamba, ikagawa mbegu, ikaweka na moniteri wa kuzunguka na baiskeli kukagua. Wanaume walioacha pamba yao ikaharibika walipelekwa boloko, gereza la Kabambare. Wake zao hawakufungwa. Wao walivuna.

Régina alikuwa mvunaji wa kusifiwa, mpaka mvua za mwaka uliopita. Ndipo viungo vilipoanza kumuuma, kwanza vya vidole, kisha magoti. Yakafuata mabaka mekundu usoni, kutoka shavu moja hadi jingine kupitia juu ya pua, na kila alipokaa juani yaliwaka kama ameunguzwa na mafuta. Nywele zikawa zinabaki mikononi mwa msusi. Kule dispanseri ya Wamaza alipewa aspirini. Kijijini wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni mvivu, na hilo la pili ndilo lililomchoma zaidi. Sasa, tangu kiangazi kianze, aliamka kila siku macho yamejaa hata hayafunguki vizuri, na miguu imevimba hivi kwamba alivaa kandambili za ngozi za mume wake.

"Wifi, hebu niangalie hiyo miguu," alisema Cécilia, dada ya mume wake, akiwa ameinama mstari wa pili. Aliacha kikapu chake, akachuchumaa, akabonyeza kidole juu ya mguu wa Régina. Alipokiondoa, shimo lilibaki. "Hii haiko miguu ya mutu mwenye kuumwa viungo tu."

"Na mukojo wangu unatoa povu," Régina akasema polepole. "Kama pombe ya mchikichi inayochacha. Sikutaka kusema."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kuvuna."

Cécilia alisimama, akamwita kaka yake kwa sauti iliyowafanya wavunaji wa mashamba ya jirani wainue vichwa. Bulaimu akaja mbio, mfuko wa pamba ukining'inia shingoni. Kabla hajauliza kitu, kengele ya baiskeli ililia njiani. Alikuwa Gaston, moniteri wa pamba, amevaa kaptura yake ya kaki iliyopigwa pasi.

"Bwana Moniteri," Bulaimu alisema, akivua kofia, "muke wangu iko mugonjwa sana. Naomba ruhusa nimupeleke kwa munganga."

Gaston alitazama shamba, hakumtazama Régina. "Kamyo ya kununua pamba inapita Wamaza leo na tena wiki ijayo. Pamba yako ingali juu ya miti. Nani atavuna?"

"Nitavuna mimi," Cécilia akasema.

"Wewe peke yako? Shamba lote hili?"

Cécilia alikwenda hadi ukingoni mwa shamba. Aligeukia mashamba ya jirani na kuita wanawake, mmoja mmoja. Waliweka vikapu vyao chini wakavuka mpaka. Hakuna aliyesema neno la kishujaa. Mmoja alilalamika mgongo, mwingine akauliza kama kuna maji ya kunywa, kisha wakaingia kwenye mistari ya Régina, vidole vyao vikifanya kazi ile ambayo vyake vilikuwa vimeikataa. Régina alisimama katikati yao na kandambili zake kubwa, akaona haya, na haya yenyewe ikawa tamu kwa namna ambayo asingeweza kuieleza.

Gaston alikohoa. "Sawa. Mwanamuke aende. Lakini aende na miguu yake. Mwanaume asitoke shambani wakati wa mavuno, hiyo ni sheria." Akapanda baiskeli.

Aende na miguu yake. Régina alijaribu kweli. Alishikwa na Bulaimu upande mmoja na Cécilia upande wa pili, akafika kijitoni, na pale pumzi ikamwishia. Akaketi kwenye tope kama mtoto. Alipojaribu kulala chini kidogo apumzike, kifua kilibanwa, ikabidi wamwinue tena.

Ndipo alipokuja Amuri. Huyu alikuwa jirani yao, Mwislamu, mtu wa makamo mwenye mabega yaliyolemaa kwa kubeba. Ujanani mwake aliwabeba Wazungu kwenye kipoyi, kile kiti kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu, kutoka hapa mpaka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Alimtazama Régina kidogo, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Serikali iliyojengwa pembeni mwa kijiji kwa ajili ya Bwana Mukubwa, yule Mzungu mtawala wa teritware, anapokuja ziara. Alirudi na shemeji zake wawili, Asani wa msikitini kwake na Heri wa kanisani, wamebeba kipoyi kilichotunzwa humo ndani.

"Shemeji, hapana," Régina akasema. "Hicho ni cha Bwana Mukubwa."

"Bwana Mukubwa anatembea na motokari siku hizi. Kiti hiki kinaliwa na mchwa. Kaa."

"Nimejaa maji, niko muzito."

"Wale niliowabeba zamani walijaa bia," Amuri akasema. "Kaa, shemeji."

Régina akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kicheko kikamletea kikohozi. Bulaimu akashika ncha ya nne. Wakamwinua.

Walipofika njia panda Gaston alikuwa pale, ameegemeza baiskeli kwenye mti. Aliona kiti, akaona ni nani aliyekikalia, na uso ukambadilika. Huenda aliogopa kuliko alivyokasirika. Yeye naye alikuwa na mkubwa wake.

"Mushushe! Hicho ni kitu cha Serikali! Na wewe Bulaimu, nimekuambia nini?"

Hakuna aliyesimama. Mzigo ukishasimama ni vigumu kuuondoa tena, na wabebaji wanalijua hilo.

"Nitawaandika majina!"

"Majina yetu unayajua," Amuri akajibu bila kugeuka. "Habari ya asubuhi, Bwana Moniteri."

Njia ya kwenda Wamaza ilipanda na kushuka. Walibadilishana mabega, wakanywa kibuyu kimoja wote wanne, na mwisho akapewa Régina. Alisikia pumzi za Heri nyuma yake, zenye mluzi. Aliona jasho likishuka katikati ya mgongo wa Bulaimu. Tangu alipotoka mgongoni mwa mama yake hakuna mtu aliyekuwa amembeba, na sasa wanaume wanne, wawili wa kanisani na wawili wa msikitini, walikuwa wanakwenda hatua moja ili yeye asitikiswe. Alitamani kuwaambia kitu. Aliogopa akifungua mdomo atalia. Cécilia alitembea pembeni akimfunika kichwa kwa kitambaa chake kwa sababu ya jua.

Dispanseri ya Wamaza ilikuwa na infirmye, muuguzi mmoja tu, Grégoire. Alimkumbuka Régina, akakumbuka na aspirini aliyompa. Safari hii alimpa kikopo akojoe. Akamimina mkojo kidogo kwenye kichupa chembamba cha kioo, akakishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Ulipochemka uligeuka mweupe na kuganda, kama ute wa yai sufuriani.

Grégoire alizima taa, akakiweka kichupa mezani. "Mafigo yako yanavuja, mama. Ute wa damu, huu ulioganda, unatoka na mukojo, maji yanabaki mwilini. Hapa sina dawa yake. Ningepaswa kuchemsha hivi mara ya kwanza ulipokuja."

Alitoka mwenyewe kwenda kumkabili dereva wa kamyo, lile lori la pamba. Walibishana kwa muda mrefu kuhusu bima na sheria za kampuni, na mwisho dereva akafungua nyuma, akasema kama mtu anayetukana, "Pandeni, basi!" Régina akapandishwa juu ya mifuko, Cécilia akakaa nyuma yake awe mto wake. Bulaimu alishika mguu wa mkewe mpaka kamyo ilipoondoka. Kisha wanaume wakageuka na kipoyi kitupu. Iliwabidi wakirudishe.

Hospitali ilikuwa ya misioni, upande wa Kasongo. Munganga, daktari Mzungu, alimtazama Régina usoni, akamshika vidole kimoja kimoja, akauliza kuhusu nywele na jua. Masere Véronique, mtawa aliyeuguza wodi ya wanawake, alitafsiri.

"Anasema viungo, uso, nywele na mafigo, yote ni ugonjwa mumoja. Mwili wako una walinzi wa kupigana na magonjwa. Wako wamepotea njia. Wanakupiga wewe mwenyewe."

"Kwa hiyo haiko uchawi?" Cécilia akauliza.

"Haiko uchawi."

"Na haiko uvivu?" Ilikuwa sauti ya Régina.

Masere hakungoja kutafsiri hilo. "Hapana, mama. Haiko uvivu hata kidogo."

Régina alijifunika uso kwa vile vidole vilivyopinda, akalia kwa furaha ambayo Masere hakuielewa mara moja.

Dawa ilikuwako, vidonge vidogo vyeupe, vipya, lakini viliwekwa upande wa pili wa bustani, kwenye hospitali ya Wazungu, na havikuwa vingi. Munganga alimtuma Masere akavichukue. Alirudi na chupa ndani ya mfuko wa vazi lake. Régina alivimeza kila asubuhi, akala wali na sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Cécilia naye akaacha chumvi. "Sombe hii ni nyasi kabisa," alisema, na akaendelea kula. Baada ya muda maji yakaanza kutoka. Asubuhi moja Régina alifungua macho yakafunguka yote, akajiona miguu, miembamba, ya kwake.

Bulaimu hakuja. Régina alipouliza, Cécilia alijishughulisha na vyombo. Mwishowe mwanamke wa kwao aliyekuja kujifungua ndiye aliyesema: wote wanne walichukuliwa na polisi siku ileile walipokirudisha kipoyi. Wako boloko ya Kabambare, wanavunja mawe ya barabara. Walipigwa fimbo pia.

Régina akaanza kufunga nguo zake.

"Unaenda wapi?" Cécilia akamshika mkono.

"Kwa mume wangu. Mimi nalala kitandani, wao wanavunja mawe."

"Ukienda sasa, wifi, watakuwa wamekubeba bure."

Akakaa. Akameza vidonge mpaka vilipokwisha. Munganga alimwambia kwamba ugonjwa umelala, haujafa. Ajikinge na jua, asile chumvi, na povu likirudi aje haraka. Vidonge vingine? Munganga alitazama dirishani. Ataomba, alisema. Ila vikija vichache, vina wenyewe. Régina alimshukuru kwa mikono miwili, na alimaanisha.

Wanaume walifunguliwa kabla yeye hajarudi. Aliwakuta wamekonda. Amuri alikuwa anachechemea, na alipomwona Régina anakuja na miguu yake alianza kumtania kwamba sasa ni mwepesi, wangengoja apone kwanza ndipo wambebe.

Mwisho wa mavuno Bwana Mukubwa wa teritware alikuja. Watu walikusanywa mbele ya ile nyumba ya Serikali. Siku moja kabla, Gaston alikuwa amempitia Régina nyumbani: atasimamishwa mbele, aseme asante kwa Serikali, maneno machache. "Na ufikirie mume wako," aliongeza, akitazama pembeni.

Bwana Mukubwa alijua Kiswahili. Alisema juu ya barabara na dispanseri, kisha akamnyooshea mkono Régina. Mwanamke huyu alikuwa wa kufa. Leo mwoneni. Aseme mwenyewe.

Régina alisimama. Magoti yalimuuma kidogo. Alimwona Bulaimu akikaza macho chini, na kwa kitambo akatamani kusema lile alilofundishwa, kisha akae.

"Ninashukuru sana," akaanza. "Nawashukuru munganga na Masere Véronique, walionipa dawa ambayo haikuwa yangu. Namushukuru Grégoire. Nawashukuru wanawake waliovuna shamba langu, na wifi yangu Cécilia aliyekula bila chumvi. Namushukuru Amuri. Nawashukuru Asani, Heri, na mume wangu Bulaimu. Hao walinibeba, na kwa kunibeba walifungwa na kupigwa. Mungu awaweke."

Gaston alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na Serikali je?" Bwana Mukubwa akauliza, akitabasamu kwa mdomo tu.

"Serikali nayo naishukuru, Bwana Mukubwa," Régina akasema. "Iliwafungua wangali wazima."

Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele. Mwingine akampokea, kisha wote, mpaka kuku wakakimbia. Bwana Mukubwa alisita, akatazama huku na huku, na kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine la kufanya, akainua mkono kuwasalimia. Kisha akapita kwenye habari ya mbegu. Shamba la Bulaimu la msimu uliofuata lilipimwa lilelile, halikupunguzwa hata mstari mmoja.

Régina alikuwa angali amesimama Cécilia alipomshika kiwiko.

"Basi, wifi. Umesema vizuri. Sasa toka juani."