Kerneli Isiyojua Kungoja

Baba yangu alikuwa dalali wa mnada. Siku zote nilizomjua akiwa na koo zima, alisimama juu ya kreti akiwauzia watu makochi yaliyochoka na friji zenye kikohozi, na watu wakaondoka wanacheka huku wamebeba. Halafu madaktari wakamtoa uvimbe kooni na sauti ikatoka nao. Mtu mwingine angelia. Baba naye alilia, nisimsingizie, ila alilia siku moja tu, kisha akaniandikia: "Wewe si mhandisi? Hangaika."

Nikahangaika. Kampuni ninayofanyia kazi inatengeneza visanduku vya kusemea. Kijisanduku kina kibodi, skrini ndogo na spika, wewe unaandika, chenyewe kinasema. Cha Baba tulikipa sauti yake mwenyewe, tuliyoichota kwenye kanda za mnada. Tangu siku hiyo nyumba ikarudi kuwa na mzee mwenye mdomo usio na breki, na sote tukashukuru, hata majirani, ambao walikuwa wanatukanwa zaidi.

Sasa kazi yangu mimi. Natengeneza kerneli. Nikimwambia mtu hivyo kwenye sherehe, anatafuta kiti kingine. Kerneli ni ile programu ya chini kabisa ndani ya mashine, inayokaa kati ya chuma na programu nyingine zote. Programu haigusi chuma. Ikitaka kutoa sauti, inakwenda kaunta kwa kerneli kuomba. Ikitaka kusoma kibodi, kaunta. Hata ikitaka kupumzika kidogo, inaomba ruhusa kaunta, na kerneli ikiona muda umefika inaiamsha. Mimi ndiye ninayeamua kaunta hiyo iweje: kitu gani kinaombwa, kwa namba ipi, na jibu linarudi kwa mpangilio gani.

Balaa lilianza kiwanda kilipoacha kutoa prosesa tuliyoizoea, ule ubongo wa chuma chenyewe. Tukachukua nyingine, ya ukoo tofauti kabisa, na koo hizi mbili hazisikilizani hata kwa salamu. Moja inapanga namba kuanzia kichwani, nyingine kuanzia mkiani. Moja inaridhika na chumba kidogo, nyingine inataka kikubwa mara mbili kwa namba ileile. Nikaambiwa nitengeneze kaunta moja kwa prosesa zote mbili, ili programu ya kusemea ikiamka juu ya chuma kipya isijue kama imehamishwa nyumba. Programu yenyewe isiguswe hata mstari. Hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu, na hiyo ndiyo iliyoniotesha mvi kabla ya wakati.

Nikapanga, nikapangua. Nikaacha nafasi tupu hapa na pale ili vipimo vilingane pande zote. Siku moja mchana bosi wetu akaja kusimama nyuma yangu na kikombe chake. Tunamwita Bwana Kijani, kwa sababu kila jaribio likifaulu linakuwa kijani kwenye skrini, na yeye haamini kitu mpaka skrini yote iwe na rangi hiyo. Ilikuwa kijani kuanzia juu mpaka chini. "Safi," akasema. Huyo bwana kusema "safi" ni habari ya kupigiana simu, na mimi nilimpigia mume wangu.

Mtu wa kwanza kupewa kisanduku kipya alikuwa Baba. Cha zamani kilikuwa kinakata roho, kikipata joto kinazima. Na harusi ya mdogo wangu, kitindamimba wetu, ilikuwa imekaribia, na Baba alikwisha tangaza kwamba hotuba ya mzazi ataitoa mwenyewe. Ilikuwa lazima aitoe yeye. Aliyekuwa anaimezea mate hotuba hiyo ni Shangazi, dada yake mkubwa, ambaye kwenye harusi yangu alishika maikrofoni tukiwa na njaa na kuiachia tukiwa hatuna hamu tena ya kula wala ya kuoana.

Baba akakijaribu kisanduku kipya. Siku za mwanzo alikitumia kuombea chumvi. Kisha akakirudisha ndani ya boksi lake, akalifunga, akanyamaza. Na hakununa. Baba akinuna utajua, milango inapigwa. Hiki kilikuwa kimya tu, kichwa cha ndiyo na kichwa cha hapana.

Mdogo wangu akanipigia simu kazini. "Dada, Baba kamwachia Shangazi hotuba."

"Kamwachiaje, na hasemi?"

"Kamnyooshea kidole, halafu akajifanya ameshika maikrofoni. Shangazi ameshaanza mazoezi, yuko sebuleni kwake anaanzia kwa babu wa babu." Akavuta pumzi. "Lakini si Shangazi tu. Nilitaka kumsikia Baba. Nyumba imekuwa kama ya kupanga."

Jumamosi asubuhi nikaenda. Nikawakuta mezani, Baba na gazeti, Mama na birika la chai. Nikawaamkia, nikakaa, nikauliza bila kuzunguka. "Baba, shida nini? Sauti imebadilika?"

Akatikisa kichwa. Akakitoa kisanduku kipya ndani ya boksi lake, akaandika kwa uvivu. Kisanduku kikasema, "Sauti ni yangu. Anayeongea si mimi."

Nikapandwa na hasira, sitaficha. Nimekesha na mashine ile mpaka mume wangu akaanza kunisalimia kama mgeni, kisha mtu ananiletea mafumbo. "Baba, acha uzee," nikasema. "Kama kuna kitu kibovu, niambie nikitengeneze. Anayeongea si wewe, sasa ni nani, mpangaji?"

"Usimfokee baba yako," Mama akasema.

"Sijafoka."

"Unafoka. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Halafu nikafanya lile nililopaswa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Nikachukua kisanduku cha zamani, ambacho kilikuwa kimelala karibu na dirisha kipoe, nikakiweka mezani ubavuni mwa kipya. "Andika sentensi moja kwenye vyote viwili," nikamwambia Baba. "Sentensi yoyote."

Akaniangalia, akamwangalia Mama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona ule ushetani wake machoni. Akaanza na cha zamani.

"Usiku wa kwanza wa ndoa yetu sikulala kabisa," kikasema kisanduku, kisha kikatulia.

"Wewe mzee, mbele ya mtoto," Mama akasema, bila kuinua macho kwenye birika.

"Mama yenu anakoroma," kikamalizia kisanduku.

Nikacheka mpaka chai ikapita njia ya pua. Baba akasogeza kipya, akaandika maneno yaleyale, na koma palepale. Kikayatoa yote kwa pumzi moja, usiku wa kwanza na kukoroma vimebebana, na hakuna aliyecheka. Nikamwangalia Mama. Alikuwa amefungua mdomo, kisha akaufunga, akarudi kumimina chai.

"Mama, ulitaka kusema nini hapo?"

"Basi tena, nimechelewa."

"Umechelewa nini?"

"Hicho kipya kilikuwa kinanichelewesha kila siku. Kabla sijaweka neno, baba yako kashamaliza." Akafunika birika. "Nikaacha."

Alisema hivyo kama anayesimulia kwamba ameacha kutia sukari. Hapo ndipo moyo uliponiuma kweli. Mimi nilidhani nimemnyima sauti mtu mmoja, kumbe wawili.

Jumatatu nikaifungua programu ya kusemea nisome inafanya nini ikifika kwenye koma. Ilikuwa inaomba usingizi kaunta. Kausingizi kadogo, kama kupepesa jicho, inaamka, inaomba kengine, inaamka, na kengine tena, vijisehemu vingi mfululizo. Aliyeiandika alitaka mtu asikike amevuta pumzi kidogo tu. Lakini prosesa ya zamani ina saa ya ndani nzito, haijui kuhesabu vipande vidogo namna hiyo. Ukiiomba kupepesa jicho, inakusubirisha mpaka mlio wa saa unaofuata. Vile vijisehemu vyote vikajumlishwa na kuwa kimya kizima, cha kumtosha mtu kuweka neno. Prosesa mpya ina saa kali, inampa kila mwombaji kile alichoomba na si zaidi. Na majaribio yetu yalikuwa yanauliza swali moja tu, je, programu imelala angalau muda iliouomba? Pande zote mbili jibu ni ndiyo. Kijani.

Kwa haki yote, kerneli ya zamani ndiyo iliyokuwa inakosea. Mimi nilikuwa nimetengeneza kerneli sahihi kabisa, isiyojua kungoja.

Nikaenda kwa Bwana Kijani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Yaani unataka turudishe kosa," akasema. "Kwa makusudi. Kwenye chuma kipya."

"Ndiyo."

"Kwa nini usibadilishe programu tu? Iambie ingoje zaidi, tumalizane."

"Programu ni ileile moja kwenye visanduku vyote, bosi. Nikiiambia ingoje zaidi, huku kwenye vipya itakaa sawa, na kule kwenye vya zamani mtu atakaa ameachama mpaka nzi aingie. Tofauti haiko kwenye programu. Iko kaunta, na kaunta ni yangu."

"Lakini kaunta yako ni sahihi."

"Ni sahihi kwa nani? Programu hii imekuwa ikipewa kimya hicho tangu izaliwe. Watu wamezoea kuongea ndani yake. Tukishampa mtu kitu akakijengea maisha, hatuwezi kumwendea kesho tukamwambia tulikosea, turudishie."

Akasema, taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino, "Kuna wateja wamerudisha vipya. Mmoja aliandika kwamba kisanduku kina kiherehere."

"Mkamjibuje?"

"Tulimtumia mwongozo wa matumizi."

Mtu mwingine ningempa vidonge vyake, lakini alikuwa ameshaanza kuona haya mwenyewe.

"Na programu mpya?" akauliza. "Kuna zitakazotaka kungoja kwa kipimo halisi."

"Nitazipa ombi jipya, na namba yake. Atakayekuja na namba ya zamani atapewa kimya cha zamani, kwenye prosesa hizi mbili na nyingine zitakazokuja hata sisi tukiwa tumestaafu."

Akachukua kikombe. "Andika na jaribio," akasema. "Sitaki kuona kijani mpaka ubovu ulingane pande zote."

Nikaandika. Kumbe kuiga ubovu ni kazi ngumu kuliko kufanya vizuri. Ilibidi saa kali ijifanye nzito, na ijifanye kwa ukweli, maana sikio la mama yangu si la kudanganywa. Mwishoni, juu ya mistari hiyo, nikaandika onyo kwa mhandisi yeyote mwenye bidii atakayekuja baada yangu: "Usirekebishe hapa. Kuna mtu anaongea." Bwana Kijani alilisoma, akaliacha.

Kisanduku nilikipeleka siku ya harusi yenyewe, Baba akiwa anafungwa tai. Sikumweleza neno. Nilikiweka mfukoni mwa koti lake na kumwambia kimerudi kuwa kibovu. Alinipiga kofi la begani.

Ukumbini Shangazi alikaa mstari wa mbele na karatasi zake, nyingi, zimebanwa kwa kibanio. Mshereheshaji alipotangaza hotuba ya mzazi, alinyanyuka. Baba naye alinyanyuka. Wakasimama wanaangaliana, ndugu wa tumbo moja, mpaka Shangazi akaona mkono wa kaka yake mdogo uko juu ya kibodi, akakaa polepole, akazikunja karatasi zake na kuzikalia. Nilimpenda kwa hilo.

Baba akasogeza maikrofoni kwenye spika ya kisanduku, akaandika.

"Binti yangu mkubwa alinitengenezea sauti mpya," kikasema, kikatulia. Ukumbi ukasubiri. "Ikawa nzuri kupita kiasi."

Watu wakacheka. Mabega ya Baba yakashuka, nikayaona kutoka nilipokaa.

"Nikamwomba airudishie ubovu wake," kikatulia tena. "Akaniita mzee."

Wakanigeukia wote, nikatafuta pa kujificha. Mdogo wangu alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, wanja umeshaharibika. Baba akamgeukia bwana harusi, akampungia asogee, akaandika tena, safari hii kwa kidole kimoja, taratibu.

"Siri ya kukaa na mama yenu miaka yote hii ni moja tu," kikasema kisanduku.

Kimya kikaingia. Kikamfikia Mama pale alipokaa, na Mama hakuinua hata macho kwenye sahani.

"Ni mimi kuvumilia," akasema, bila maikrofoni, na ukumbi mzima ukamsikia.

Vicheko vilikuwa vya kugonga meza. Vilipopungua tukageukia kisanduku, tusikie Baba anamaliziaje. Hakikutoa kitu. Nikadhani kimezima. Nikainuka, nikaenda kuchungulia skrini kwenye bega lake. Kisanduku kilikuwa kizima. Sentensi yake ilikuwa pale, ina koma mwishoni, na baada ya koma hakuwa ameandika chochote.

Baba alishakaa, anajipangusa macho kwa kitambaa cha meza. Mama alikuwa bado anaongea.