Nafasi Kati ya Herufi

"Bonyeza tena," alisema mwalimu, na mzee akabonyeza tena, na skrini ikamjibu vile vile ilivyomjibu tangu asubuhi: hakuna kitu. Si onyo, si namba, si hata mlio. Iliandika tu kwa Kiingereza chake cha mkato kwamba hakuna, kisha kile kistari kidogo kikarudi kupepesa pembeni, kinangoja kuulizwa jingine.

Mwalimu aliinama juu ya bega lake. Alikuwa binti mdogo, mwepesi wa kucheka, kalamu ya ubaoni ameichomeka kwenye nywele, na kosa lile alikuwa amelisahihisha mpaka amelichoka.

"Aa, mzee wangu! Na hili ndilo limekula asubuhi yako yote? Hili ni kosa la chekechea." Akageukia darasa. "Sikilizeni wote. Fanksheni, hiki kipande cha programu unachokipa kazi, ni kama mtu unayemtuma dukani. Huyu wa mzee katumwa, kaenda, kapiga hesabu zote barabara, halafu kakaa huko huko dukani! Mzee hajamwambia arudi na jibu. Sasa sisi huku tutajuaje?"

Darasa likaangua kicheko. Vijana wale walimpenda, wala si uongo. Ndio waliompachika jina la Mzee Rula, kwa ajili ya rula ya mbao ambayo haikutoka kwenye mfuko wa shati lake. Lakini kucheka walicheka.

Mzee Rula aliweka kiganja juu ya kibodi, kama mtu anayefunika sahani nzi wasitue.

"Aliyeandika hapa hajakosea," alisema.

"Kwani si wewe?"

"Ni binti yangu."

"Basi rahisi. Mwambie aongeze mstari mmoja pale mwisho, wa kurudisha..."

"Nimwambie vipi, mwalimu? Nimemzika."

Kicheko kilikatika. Mzee aliifunga ile kompyuta taratibu, akaitia kwenye mkoba wake wa kamba, akatoka, na hakuna aliyethubutu hata kumwambia kwaheri.

Sasa tuseme ukweli, maana hata yeye mwenyewe alikuwa akiusema. Mzee Rula alikuwa mchora vibao vya maduka, na vibao vyake ungevijua ukiwa upande wa pili wa barabara. Kila kazi aliianza kwa herufi za kifalme, nene, zimejinyoosha miguu, akaimaliza kwa herufi zilizobanana kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati. Kuna kinyozi mmoja alimjia juu, anafoka, "Mzee, I yangu iko wapi? Watu wanasoma KINYOZ!" Ile I ilikuwepo, jamani, ila ilikuwa imekalia fremu. Ile rula ya mbao alitembea nayo, lakini kuitumia, thubutu! Alipima kwa jicho, na jicho lake lilizionea huruma mno herufi za mwanzo.

Binti yake, mtoto wa pekee kwake na kwa mkewe, alikulia nyuma ya mgongo wake akiwa kazini. "Baba, haitatosha." "Itatosha, mama." "Haitatosha, baba, bado herufi nne." Na haikutosha. Mzee akamwita Msimamizi, jina likamkaa. Msimamizi alipokwenda kusomea kompyuta, alirudi likizo ya kwanza na kompyuta ya mtumba begani, akamwambia, "Baba, nakutengenezea kitu. Utaandika jina na upana wa ubao, chenyewe kitakwambia uache nafasi gani kati ya herufi na herufi. Mimi nikiwa mbali nani atakusimamia?" Akakaa mezani na ile rula, anapima herufi za babake moja moja, I nyembamba, M nono, mpaka zikaisha zote. Kabla likizo haijakwisha, homa ikamwangusha. Homa haikumwachia.

Na kaburi lake halikuwa na kibao. Hilo ndilo lililokuwa likimla mzee usiku na mchana. Baba mtu mchora vibao, mji mzima umejaa maandishi yake, na kaburi la mwanawe tupu! Si kwamba hakujaribu. Ubao alishauranda, alishaupaka nyeupe, rangi nyeusi iko tayari kwenye kopo. Kila akiinua brashi anaziona herufi za mwisho za jina la mwanawe zinabanana ukingoni, mtoto anakosa nafasi hata pale, anairudisha brashi kwenye kopo. Akaapa moyoni kwamba atakiandika kwa hesabu ya mwenyewe Msimamizi, ama hakiandiki. Ndipo alipokwenda kujiandikisha kwenye darasa la vijana, mvi zote zile.

"Wewe," mkewe alimwambia jioni ya siku ile aliyotoka darasani. Siku hizi waliitana hivyo, wewe na wewe. Zamani waliitana mama fulani na baba fulani, kwa jina la mtoto, na jina lile sasa hakuna aliyeweza kulitoa mdomoni. "Jana nimekwenda makaburini. Nimepiga magoti, nimelia weee, nimemweleza mambo yote ya nyumbani. Nainuka, nakuta si kaburi lake. Ni la mtu mwingine kabisa. Majani yameota, yanafanana yote."

Mzee aliuweka mkoba wa kompyuta chini.

"Mwisho wa juma hili nampa kazi yule mchoraji wa sokoni," mkewe akaendelea, na hakupandisha sauti. "Hata akiandika kwa mkaa. Mimi siwezi tena kulilia wafu wa watu."

"Nivumilie kidogo."

"Nimekuvumilia. Kwani mimi nina moyo wa chuma?"

Kesho yake alifika darasani kabla ya wengine. Mwalimu alikuwa mlangoni, macho yamemvimba, inaonekana hakulala vizuri.

"Shikamoo, baba." Leo hakumwita mzee wangu.

"Marahaba."

"Naomba unisamehe. Nimewachekesha watu kwa msiba wako."

"Hukujua, mwanangu. Yaishe."

"Basi nipe niuweke huo mstari. Sasa hivi tu, hata chai haipoi."

"Usiiguse!" Ilimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka, akashusha pumzi. "Kila herufi iliyomo humu kaibonyeza yeye. Ukiongeza wewe, kutakuwa na mkono wa mgeni ndani. Nifundishe, niongeze mwenyewe. Mimi kwake si mgeni."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Alivuta kiti, akaisoma kazi ile kutoka juu mpaka chini bila kugusa kitu.

"Niambie kweli," mzee alimwuliza. "Alisahau, au hakuwahi?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mwalimu angeweza kumpa neno tamu, likamtuliza, mambo yakaisha. Alitazama mstari wa mwisho, ule wa kugawanya nafasi, uliokuwa umekamilika mpaka mabano yake ya mwisho.

"Sijui, baba. Wengi wanaoanza husahau. Yeye, sijui."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Ilimuuma, lakini ilimuuma bila kumdanganya.

Wakakubaliana kujifunzia kwenye nakala, kazi yenyewe ya Msimamizi isiguswe mpaka siku yake. Kila wenzao wakitoka kula, wao hubaki. Na kukosea, mzee alikosea kila aina. Kwanza aliiambia fanksheni ionyeshe jibu badala ya kulirudisha. Namba ikatokea kwenye skrini, akapiga makofi kama mtoto, lakini alipotaka kuitumia kwenye hesabu nyingine akakuta hana kitu.

"Imekuonyesha tu kwa dirishani, baba," mwalimu alimwambia. "Haijakukabidhi."

Akarekebisha. Ikarudisha jibu, naye akasahau kuliwekea jina la kulipokelea, likapotea hewani.

"Imekuletea mpaka mlangoni! Mikono yako ilikuwa mfukoni?"

"Mikono ya mzee hii, ina uvivu wake," alisema, na siku hiyo wakacheka wote wawili.

Kosa la tatu halikuwa na kicheko. Aliuandika mstari wa kurudisha ndani kabisa, pale kompyuta inapopita herufi moja baada ya nyingine, badala ya kuuweka nje, baada ya herufi zote kupimwa. Akabonyeza. Ikapima herufi ya kwanza, ikaishia hapo, ikarudi na kinamba kidogo kisicho na maana.

Mzee alikigusa kile kinamba kwa ncha ya kidole.

"Imerudi mapema mno," alisema.

Mwalimu alifungua mdomo amweleze jinsi ya kuusogeza mstari nje, akaona machozi yanashuka kwenye mashavu ya mzee, akaufunga. Alimwekea mkono begani. Nje vijana walikuwa wanarudi kutoka kula, wanapiga kelele, naye akaenda kuwazuia mlangoni mpaka mzee alipokwisha kujifuta uso.

Ijumaa mzee akasema ni leo. Hakuna aliyekwenda kula siku hiyo. Alifungua kazi ya Msimamizi, akashuka mpaka chini, akabonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Mstari mmoja tu. Akausogeza nje panapostahili. Kisha akaandika jina la mwanawe, lote, ambalo tangu msiba hakuwa ameliandika, akaandika na upana wa ubao.

Kidole kikabaki hewani.

"Bonyeza, baba," mwalimu alisema kwa upole.

Akabonyeza. Ikaja namba. Sentimita tatu na nusu, na tarakimu nyingine huko nyuma zisizo na kazi kwenye rangi na mbao. Mzee aliipokea, akaiita tena ili aone kama ipo kweli, ikawepo.

"Kaleta," alisema. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja wa nyuma, yule mcheshi wao mkubwa, aliinuka akaenda kusimama dirishani, amewapa mgongo.

Jumamosi mzee alilaza ubao uani, akaitoa rula mfukoni, akapima. Mkewe alishika ncha ya pili ya uzi wa chaki wa kupigia mstari, bila kuombwa. Herufi ya kwanza ilitaka kunenepa, kama kawaida yake, na mkono wa mzee ukataka kuiachia, akaurudisha kwenye alama. Ya pili. Ya tatu. Jasho lilimtoka kama anayechimba kisima. Alipofika herufi ya mwisho alisita, brashi juu, akaangalia kulia, na pale kulia palikuwa na nafasi. Akaiandika kwa raha zake, pana, haigusani na mtu.

Mkewe alisogea. Aliweka kiganja kwenye weupe uliobaki upande wa mwisho, kisha akakiweka kwenye weupe wa upande wa mwanzo. Palilingana. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi la uani, akalia kwa sauti kama siku ya kwanza, na mzee akaketi kando yake, brashi bado iko mkononi, rangi inamchirizikia kwenye suruali.

Jioni ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani unakauka, kesho uende makaburini. Mzee alikuwa anataka kuifunga kompyuta pale mezani, mkewe akamshika mkono.

"Hicho kitu chake," alisema. "Bado kinajibu?"

"Kinajibu."

"Ukikiuliza jina jingine?"

"Jina lolote."

Mkewe alivuta kigoda, akakaa karibu, akajitengeneza khanga begani kama anayekaribisha mgeni. "Kiulize langu."

Mzee aliliandika, lile jina lake la usichana ambalo hakuna aliyelitumia tena, na upana ule ule wa ubao. Namba ikaja. Mkewe aliisoma kwa sauti ndogo, mara mbili.

"Na lako."

Ikaja.

"La shangazi yake mtoto."

Ikaja, wala haikuchelewa. Wakamaliza ndugu wa upande wa mama na wa upande wa baba, wakamaliza majirani, wakakiuliza mpaka jina la kinyozi. Majina yakawaishia. Giza lilikuwa limeshaingia chumbani na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Mkewe aliangaza macho huku na huku, anatafuta.

"Meza," alisema.

Mzee akaandika meza, akabonyeza. Ikajibu.

"Dirisha."

Ikajibu.

"Kikombe," alisema mkewe, na kidole cha mzee kikarudi kwenye kibodi kuitafuta K.